Kutoka Takwa Hadi Shela

Mwenye kwenda Takwa hana budi kungoja maji yajae, kwani mkono wa bahari uingiao kati ya mikandaa ya kisiwa cha Manda hukauka maji yakitoka. Tulipanda mashua Lamu asubuhi, tukawahi. Hapa palikuwa na mji tangu karne ya 15 hata ya 17. Msikiti wa Ijumaa ungali umesimama, na juu ya ukuta wa kibla pana nguzo ya mawe. Watu ndio hawapo.

Sababu za kuhama zatajwa nyingi, na mojawapo ni kwamba visima viliingia chumvi. Wakavuka wakakaa Shela, ng'ambo, na hata leo watu wa Shela huenda Takwa kuomba dua ya mvua.

Tulijiuliza: kwa nini maji yawe huku yasiwe kule? Jiwe la Manda ni tumbawe, lina matundu na nyufa. Mvua hupita humo upesi, na bahari nayo huingia kwa njia zizo hizo. Tena maji ya mvua huchukua hewa ya ukaa udongoni, yakawa makali kidogo, yakalila jiwe na kubeba chokaa yake. Ndiyo maana sabuni haitoi povu, na birika hufanya ukoko mweupe. Chokaa hiyo haidhuru; kidhurucho ni chumvi. Maji matamu ni mepesi, huelea chini ya ardhi juu ya yale ya bahari: kwa kila mita 1 iliyo juu ya usawa wa bahari, huwapo kama mita 40 chini yake. Basi mwenye kushusha ile moja kwa kuteka kupita kiasi, huipandisha chumvi kwa makumi.

Shela ina vilima vya mchanga. Mchanga huipokea mvua, ukaichuja polepole na kuiweka, na visima vya huko ndivyo vinywesheavyo mji wa Lamu.

Mjini kwenyewe visima vimekaribiana na mashimo ya vyoo. Uchafu wa vyoo hugeuka naitreti, na Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 kwa lita, kwa kuwachelea hasa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa kwa maji hayo. Kuchemsha huua vijidudu; naitreti hubaki, tena huzidi kukolea maji yapunguapo. Mafakihi waliiweka harimu ya kisima, yaani eneo la kukizunguka lisiloingiliwa, lakini huko chini maji hayajui mipaka ya viwanja.

Jioni tulifika Shela, bibi mmoja akatupa maji kwa kata. Yalikuwa matamu, tukamsifia.

“Mngekuja wakati wa kiangazi, wanangu,” akasema. “Siku hizo huwa na munyu kidogo. Zamani hayakuwa hivyo, wala mashine za kuvuta maji hazikuwapo.”

Tulikunywa tena, tukashuka pwani kabla ya magharibi.