Ukungu wa Kiangazi

Kwa Kiswahili, ukungu ni mvuke mweupe wa asubuhi mtoni. Ni pia ule uchafu wa kijani au mweusi unaoota kwenye mkate. Kiangazi nacho, kwetu Lubumbashi, ni miezi ya ukavu, Mei hadi Septemba. Nilipokaa kwa yaya wangu mjini Tucson, Arizona, niliona maneno haya mawili yakikutana na kumchelewesha mtoto kupata nafuu.

Mwanawe, mwenye miaka 9, alikuwa akipiga chafya mchana kutwa, macho yakimwasha, na usiku kifua kikilia kama filimbi. Kliniki moja ilimpa dawa pamoja na karatasi ya Kiswahili yenye kichwa "Mzio wa ukungu wa kiangazi". Yaya aliiweka juu ya friji. "Ukungu gani, mdogo wangu? Hapa ni jangwa. Na wakati wa kiangazi ukungu unatoka wapi?"

Kwa Kiswahili chake alikuwa na haki. Ila Tucson majira ya joto si ya ukavu. Juni ni kavu kweli, lakini Julai hadi Septemba huja mvua za radi zinazoleta karibu nusu ya mvua ya mwaka mzima. Udongo na majani makavu hulowa, kuvu huota, kisha upepo wa dhoruba hupeperusha spora zake, mbegu ndogo zisizoonekana kwa macho. Kuvu iitwayo Alternaria inajulikana sana huko kwa kuchokoza pumu ya watoto.

Nyumbani kulikuwa na chanzo kingine. Nyumba nyingi za jangwani hupozwa kwa mashine inayovuta hewa ya nje kupitia mikeka iliyolowa maji. Juni inafaa sana. Mvua zikianza, hewa tayari ina unyevu; mashine haipozi tena vizuri, inaongeza majimaji ndani tu, na mikeka iliyozeeka huota kuvu.

Nilimwambia yaya: "Hawasemi ukungu wa mtoni. Wanasema kuvu, kama weusi ule wa mihogo isiyokauka vizuri." Hakuuliza tena. Alipanda kuifungua mashine.

Mikeka ilibadilishwa, sinia la maji likasuguliwa. Tulinunua kipimo kidogo cha unyevu, tukajitahidi usizidi asilimia 50 ndani; siku za unyevu mwingi mashine ilizimwa, tukatumia feni. Baada ya dhoruba madirisha yalifungwa, na mtoto alioga kabla ya kulala. Zulia lililolowa lilikaushwa siku ileile, maana kuvu haihitaji zaidi ya siku moja au mbili kuanza. Dawa ya puani na ya kupuliza kifuani aliendelea nazo kama daktari alivyoagiza. Usafi haukuchukua nafasi yake. Baada ya wiki chache alianza kulala usiku kucha.

Sisi wa kitivo cha lugha hupenda kuuliza kama Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa sayansi. Karatasi ile haikukosa neno. Kila neno lilikuwamo kwenye kamusi. Mtafsiri alipaswa kujiuliza mambo mawili: msomaji wangu anatoka wapi, na huko anakoishi sasa mvua inanyesha lini? Angeandika "kuvu ya majira ya mvua", yaya angeipanda mashine ile siku aliyotoka kliniki.