Anwani 250

Leo tunaongea juu ya flashi.

Wengi wetu tulipovuka Petite Barrière mwaka 2025 hatukuwa na makaratasi mkononi. Diploma, vyeti vya kuzaliwa, picha za kwetu Goma, vyote vilikuwa ndani ya simu ao flashi ya mfukoni. Ndiyo maana tukipitia msimbo wa draiva ya flashi hatufanyi mchezo.

Draiva ni programu inayosema na chipu. Yetu ni ya kifaa kidogo tunachotengeneza, kinachoandika mahudhurio ya darasa na kuyatunza hata umeme ukikatika. Mwenzetu alileta mabadiliko ili kuandika kuwe haraka: badala ya baiti moja moja, zipelekwe hadi 256 kwa mara moja. Majaribio yote yalipita. "Iko muzuri, tuingize tu," wengine wakasema.

Tukakaa watano mbele ya kompyuta moja, mstari kwa mstari. Mdogo wetu mmoja, ambaye haongei sana, akauliza: "Sasa yaya, tukianza ku anwani 250 itakuwa aje?"

Chipu ya namna hii, ya NOR, imegawanywa kurasa za baiti 256. Ukianza kwenye 250, baiti sita zinajaza mwisho wa ukurasa. Ya saba haiendi ukurasa unaofuata: inarudi mwanzo wa ukurasa ule ule, juu ya majina yaliyokuwepo. Na kwenye flashi kuandika kunageuza 1 kuwa 0 tu. Kurudisha 1 lazima ufute eneo zima, mara nyingi kilobaiti 4. Kwa hiyo jina jipya linapanda juu ya la zamani, yote mawili yanaharibika, na chipu inanyamaza kama hakuna kitu. Majaribio hayakuona sababu yote yalianza kwenye 0.

Mwenye mabadiliko akasema, "Asante, mdogo." Akakata uandishi kwenye mpaka wa kila ukurasa, akaongeza jaribio linaloanza 250. Kwenye Linux mtu aliyepitia mabadiliko anaandikwa jina, "Reviewed-by". Sisi pia tuliandika la mdogo wetu.

Jina kupotea tunajua ni nini. Wamo kati yetu waliopanga foleni tangu asubuhi, wakafika dirishani na kuambiwa: "Haumo kwenye orodha." Kosa lilitoka wapi, hakuna aliyewaambia.

Kwa hiyo ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, ambao majina yetu yamo ndani ya tableti zenu: mkiletewa programu mpya na kuambiwa majaribio yamepita, ulizeni yalianzia wapi.

Na ninyi vijana, tunasoma pamoja kila Jumamosi saa nane. Njooni, hata kama hamjagusa kompyuta. Maswali tunayahitaji.