Nilipopotelewa na Upande wa Kushoto

Watu waliokuja kunipa pole walitazama mkono. Ulikuwa umelegea, na mguu wa kushoto nao ulikuwa ukiburuta, basi kila aliyeingia uani kwetu hapa Kasongo aliushika mkono ule akaniombea upate nguvu. Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Ila mkono haukuwa taabu yangu kubwa. Taabu yangu ilikuwa kwamba nusu nzima ya dunia ilinitoka, na mimi sikuona pengo lolote.

Kiharusi kilinipata alfajiri, nikitawadha. Tansio ilikuwa imepanda bila dalili, kama inavyowafanyia wengi, na kilichodhurika ni upande wa kulia wa ubongo, ambao ndio unaotawala viungo vya kushoto. Nilipotoka hospitali nilijihesabu kuwa mzima, nikingoja mguu tu. Waliogundua mapema ni watu wa nyumbani.

Mke wangu aliniwekea wali na sombe. Nikala, nikainua uso, nikamuuliza kwa nini siku hizi ananipunja. Akaitazama sahani. Kulia hakukuwa na hata punje. Kushoto chakula kilikaa vilevile alivyokipakua. Hakunijibu. Aliizungusha sahani, na wali ukanitokea mbele yangu, bado una moto. Akawa anafanya hivyo kila mlo, kabla hatujapata mtu wa kutueleza sababu.

Msikitini mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwisho wa swala mtu hutoa salamu kuliani, kisha kushotoni. Mimi nilitoa ya kulia, nikaanza uradi. Jirani yangu wa miaka mingi, anayependa kukaa kushoto kwangu, alivumilia, kisha akaja kumuuliza mke wangu amenikosea nini hata nimnyime salamu. Hata njiani alikuwa ameniamkia akitokea upande huo, nami nikampita. Ndugu mmoja akasema nimetupiwa kitu, twende kwa mganga. Wengine wakasema ni kiburi cha uzeeni. Haya ndiyo yaliyonichosha, maana sikuwa na la kujitetea. Mtu atajiteteaje kwa salamu ambayo hajui kwamba hakuitoa?

Tukarudi kwa daktari. Aliketi mbele yangu, akainua mikono yake miwili, akaniambia nimtazame puani. Akatikisa kidole kilicho kuliani kwangu, nikakiona. Akatikisa cha kushoto peke yake, nikakiona pia. Kisha akavitikisa vyote viwili kwa pamoja, nikasema, "Kimoja tu, cha kulia." Akarudia, nikashikilia jibu lilelile, na mke wangu aliyesimama nyuma akaguna. Akanipa karatasi nichore saa. Nikachora duara, nikazibananisha tarakimu zote 12 upande wa kulia, nikamrudishia karatasi nikiwa nimeridhika kabisa.

Macho yangu hayakuwa na kasoro. Jicho hupeleka habari, lakini ubongo ndio unaochagua kipi kishughulikiwe, na umakini huo ni tochi: palipoangazwa ndipo penye kitu. Upande wa kushoto wa ubongo humulika zaidi kulia. Upande wa kulia humulika kote kuwili. Kwa hiyo ukiumia ule wa kushoto, wa kulia huweza kusaidia. Ukiumia wa kulia, kushoto kunabaki bila wa kukumulika. Hata pengo lenyewe mtu halioni, kwa sababu liko upande uleule usiomulikwa.

Mpwa wangu, anayesomea udaktari Bukavu, ndiye aliyenifungua zaidi. Alinisimulia kuhusu Waitaliano Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti, walioandika mwaka 1978 juu ya wagonjwa wawili wa mji wa Milan. Waliwaambia wajifikirie wamesimama katika uwanja mkuu wa mji, wakilielekea kanisa kuu, wataje majengo. Wagonjwa wakataja zaidi yale yaliyo kulia. Kisha wajifikirie wamesimama mlangoni mwa kanisa, wakitazama walikotoka. Wakataja yale waliyoyaacha, wakayaacha yale waliyoyataja.

Akanijaribu na mimi. Mimi ni mzaliwa wa Kabambare. "Mjomba, fumba macho. Unaingia mtaa wenu wa utotoni ukitokea upande wa Kasongo. Nitajie unayoyapita." Nikamtajia nyumba ya muuza mawese, mwembe, madrasa. "Sasa geuka, unarudi Kasongo." Nikamtajia kwa fundi cherehani, kisima, na nyumba ya marehemu mama yangu. Akaniuliza kwa upole, "Na ile safari ya kwanza, nyumba ya bibi ilikuwa wapi?" Hapo nililia. Sikuwa nimemsahau mama. Nyumba yake ilikuwa kichwani mwangu muda wote, ila kwa kutokea upande ule haikufikika.

Kwa mwalimu kama mimi, msiba ulikuwa kusoma. Kama wazee wengi wa hapa, nasoma hati mbili. Kifaransa na Kiswahili huanzia kushoto, Kiarabu huanzia kulia. Katika kitabu cha Kiswahili nilipoteza mwanzo wa kila mstari, maneno yakawa hayaungani. Katika msahafu mwanzo niliupata, mwisho ukapotea. Lakini aya nilizohifadhi ulimi ulizimalizia wenyewe, na hilo liliniokoa na kukata tamaa.

Mpwa alinieleza pia kwamba mwaka 1998 Yves Rossetti na wenzake wa Lyon, Ufaransa, walionyesha faida ya miwani ya prizimu inayosogeza picha kulia: mgonjwa akijizoeza kunyoosha kidole nayo kwa dakika chache, huanza kukumbuka kushoto kwa saa kadhaa. Miwani hiyo sikuipata. Mke wangu alinikatia utepe mwekundu. Katika Kiswahili unakaa mwanzo wa mistari, nisianze kusoma mpaka jicho liuguse. Katika msahafu unakaa mwisho, nisiuache mstari mpaka niufikie.

Udhu nao ukawa zoezi. Daktari alisisitiza niusogeze mkono wa kushoto, hata kidogo, palepale upande wake, kwa kuwa mwendo huo huuamsha ubongo uangalie huko. Mjukuu wangu aliyekuwa akinimiminia maji alikaa kushoto, akakataa kumimina mpaka nimtafute kwa macho. "Kambo, niko huku!" Kuosha kulia, kisha kushoto, kila kipindi cha swala, kila siku. Sidhani kama zoezi jingine lolote lingenishika kwa nidhamu ile.

Jirani yangu naye, alipoelezwa, alishika kazi bila kuombwa. Nikisha kutoa salamu ya kulia hunigusa goti.

Nimerudi darasani. Wanafunzi wa kushoto hawanyooshi mkono tu, huniita. Jioni nikichoka upande ule hufifia tena, nagonga bega kwenye fremu ya mlango. Dawa ya tansio nameza kila siku. Pikipiki nimemwachia mwanangu, maana barabara haina huruma na dereva wa nusu barabara. Akienda Kabambare hunipakia nyuma, na njiani huniuliza kila mara tumepita nini kushoto.