Vumbi la Septemba juu ya mawaridi ya Mbeya na Iringa

Septemba inapofika, Mbeya hubadilika rangi. Nyasi za mlima Loleza zimekauka, na upepo wa mchana huinua vumbi kwenye barabara za mitaa na kulitua juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya mawaridi yaliyopandwa kando ya geti. Mvua za masika zilikoma Mei, na watu hawategemei nyingine kabla ya Novemba.

Ni wakati huo majani ya waridi yanapoanza kupauka. Kwa mbali mtu hudhani ni vumbi tu. Akipitisha kidole, vumbi linatoka lakini vidoti vidogo vya manjano vinabaki. Mara nyingi mtoto ndiye huona wa kwanza, kwa sababu kimo chake kinalingana na matawi ya chini. "Mama, ua lina utando wa buibui," atasema, huku pua yake ikiwa tayari ndani ya ua.

Hajakosea sana. Ule ni utando wa utitiri, kiumbe wa ukoo mmoja na buibui na kupe, mwenye miguu minane na urefu wa takriban nusu milimita. Hukaa upande wa chini wa jani, ukitoboa na kufyonza. Kila kidoti cha manjano ni mahali uliponyonya. Jani likizidiwa hugeuka rangi ya shaba, hukauka na kudondoka.

Kuuhakikisha ni rahisi. Karatasi nyeupe ya daftari huwekwa chini ya tawi, kisha tawi linagongwa mara mbili tatu. Vumbi likianguka hutulia pale pale. Vikionekana vidoti vinavyotembea, huo ni utitiri.

Anayesafiri kwa basi kutoka Mbeya kwenda Iringa, zaidi ya kilomita 300, anaweza kuielewa tabia ya kiumbe huyu kwa kutazama dirishani. Baada ya Uyole, barabara hushuka kuelekea bonde la Usangu. Igurusi na Chimala kuna joto, na abiria huvua masweta. Makambako baridi hurudi, na masweta huvaliwa tena. Utitiri nao huenda na hali hiyo ya hewa. Kwenye joto kali na ukame, yai huweza kuwa utitiri mzima kwa wiki moja hivi. Kwenye baridi ya Juni na Julai, safari hiyo hiyo huchukua wiki tatu au zaidi. Ndiyo maana waridi lililopita Julai salama huonekana limevamiwa ghafla Oktoba. Utitiri ulikuwepo, ila ulikuwa unakwenda taratibu.

Vumbi nalo linausaidia. Jani lenye vumbi ni mahali pagumu kwa wale wanaouwinda utitiri, na mmea wenye kiu hushindwa kustahimili mashambulizi. Waridi lililo kando ya barabara ya vumbi, au chini ya paa ambapo mvua haifiki, ndilo huugua kwanza.

Basi likifika Mafinga, msafiri yuko katika wilaya ya Mufindi, kwenye mji wenye kiwanda cha pareto. Maua meupe ya pareto hulimwa sana katika nyanda hizi, na sumu yake ya asili huua mbu na wadudu wengi. Kwa hiyo wazazi wengi hudhani dawa yoyote ya wadudu, ya pareto au ya dukani inayofanana nayo, itamaliza tatizo la waridi. Lakini utitiri si mdudu. Dawa nyingi za kiwandani zilizoundwa kwa kuiga sumu ya pareto haziuwezi vizuri, ila zinaua maadui wake. Baada ya siku chache utitiri uliobaki huzaliana bila wa kuuzuia, na waridi huwa na hali mbaya kuliko kabla ya kupigwa dawa.

Iringa mjini, kwenye mitaa ya Gangilonga yenye bustani za zamani, hali ni ile ile. Tofauti ni kwamba mashamba ya nyanya yako karibu. Mbele kidogo, kwenye barabara iendayo Kitonga, iko Ilula, ambako matenga ya nyanya hupangwa kando ya lami. Wakulima wa nyanya wanamjua sana utitiri mwekundu, ndugu wa yule wa waridi, na shambani hutumia dawa kali kupambana naye.

Hapo ndipo jambo la bustani linapogeuka kuwa jambo la familia. Baba anarudi kutoka shamba na dawa iliyobaki, imemiminwa kwenye chupa ya soda ili isipotee. Chupa inawekwa dirishani jikoni. Jioni waridi linapigwa dawa, na asubuhi mtoto analichuma ua kumpelekea mwalimu, akilinusa njia nzima. Dawa ya shambani huja na maelekezo ya siku za kusubiri baada ya kupiga, lakini chupa ya soda haina maelekezo. Nayo ikiwa mezani, mtoto mwenye kiu haoni sumu, anaona soda.

Kopo halisi la kiuatilifu lina mkanda wa rangi chini ya lebo. Mwekundu ni sumu kali zaidi, kisha njano, kisha bluu, na kijani ndiyo yenye hatari ndogo. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, ndiyo inayosajili dawa hizi, na kila iliyosajiliwa inaeleza mmea na kiumbe inayokusudiwa. Dawa ya nyanya haikuandikiwa kibaraza cha nyumba. Mtoto akinywa, asilazimishwe kutapika. Akimbizwe hospitali pamoja na kopo au lebo yake.

Kwa waridi tano au kumi za nyumbani, hakuna haja ya kufika huko. Majani yaliyoharibika sana hukatwa, hutiwa kwenye mfuko na kuchomwa, si kutupwa chini ya mmea. Kisha mmea huoshwa kwa maji yenye nguvu, kwa mpira au keni, na maji hayo yaelekezwe chini ya majani. Hurudiwa kila baada ya siku mbili au tatu kwa wiki mbili. Kazi ifanywe asubuhi, ili majani yakauke kabla ya jua kuzama, maana waridi linalolala na maji hupata ugonjwa wa madoa meusi.

Utitiri ukiendelea, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji laini huchanganywa na lita moja ya maji na kupuliziwa chini ya majani, jua likiwa limepoa. Kwanza hujaribiwa kwenye majani machache na kusubiri siku moja. Sabuni haiui mayai, hivyo hurudiwa baada ya siku tano hadi saba. Anayeacha baada ya mara moja ndiye husema haifanyi kazi. Shina nalo limwagiliwe vizuri na kuwekewa matandazo ya nyasi kavu, kuzuia kiu na vumbi.

Hata wakubwa wa biashara ya maua wamejifunza kutotegemea sumu peke yake. Katika vitalu nyumba vya Naivasha, Kenya, kuna mashamba ya waridi yanayoachilia utitiri unaowinda utitiri mwenzake. Bustani ya nyumbani isiyopigwa dawa ovyo huwa na wawindaji wake wa asili, bila kununuliwa.

Kuna faida nyingine ya ndoo ya maji. Ni kazi ambayo mtoto wa miaka sita anaweza kuifanya pamoja na mzazi asubuhi ya Jumamosi, akalowa, akacheka, kisha akachuma ua na kulinusa bila mtu kumpigia kelele. Mvua ya Novemba ikifika, itaendeleza kazi hiyo yenyewe.