Mama, Hiki ni Chetu?

Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku hapa Houston, Texas, na siku za mapumziko nasaidia kanisani katika kikundi cha kupeleka chakula. Huku mama akijifungua, au nyumba ikifiwa, washirika hupika chakula cha kuoka, hukifunika kwa karatasi ya foili na kukipeleka mlangoni. Chini ya bakuli unabandika plasta yenye jina lako ili chombo kirudi. (Plasta kwa muuguzi si tatizo!)

Chakula changu ni cha tabaka, nyama ya kusaga na tortila. Tortila ni mikate myembamba mfano wa chapati, ya unga wa mahindi, asili yake Mexico. Texas ilikuwa sehemu ya Mexico hadi mwaka 1836, kwa hiyo hapa utaikuta kila jiko. Mexico wenyewe wana chakula cha jamii hiyo kiitwacho pastel azteca, yaani keki ya Waazteki.

Jumamosi moja nilikuwa nafunika bakuli lililotoka motoni. Binti yetu wa miaka tisa akaja, akanusa, akauliza, “Mama, hiki ni chetu au cha wagonjwa?” Nikamjibu cha wagonjwa. Hakulia wala hakununa. Alikwenda kabatini, akajimiminia nafaka za asubuhi na maziwa baridi, akaketi kula peke yake saa moja ya jioni.

Nilipeleka lile bakuli, nikashukuriwa sana. Njiani kurudi nilihesabu: wiki ile nilikuwa nimepika mara mbili, zote kwa nyumba za watu. Nilipomweleza mume wangu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Nilitaka kukuambia, nikaogopa utadhani napinga kazi ya kanisa.” Maneno hayo yaliniuma kuliko swali la mtoto.

Basi sasa napika mabakuli mawili kwa mkono mmoja. Kwa bakuli moja la sentimita 23 kwa 33 nakaanga nusu kilo ya nyama ya kusaga pamoja na kitunguu, kitunguu saumu na pilipili hoho, natia bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai, kisha nyanya nne zilizosagwa. Nyama ya kusaga msiifanyie haraka. Vijidudu vilivyokuwa juu ya kipande cha nyama huchanganyika hadi ndani inaposagwa, hivyo iive yote, nyuzi joto 71 za Selsiasi kwa mwenye kipimo. Naongeza vikombe viwili vya maharage yaliyochemshwa. Ukitumia ya kopo, yasuuze kwanza, maana yana chumvi nyingi, na wengi wetu tuna waume wenye presha.

Tortila kumi na mbili zipashe kwanza moja moja kwenye kikaango kikavu. Mara ya kwanza sikujua. Nilizipanga mbichi na mchuzi mwingi, zikalainika zote, na baba watoto akakiita uji wa nyama. Panga mchuzi kidogo chini, tortila, nyama, jibini iliyokwaruzwa, kisha rudia hadi tabaka tatu. Oka kwa nyuzi 180, dakika ishirini ukiwa umefunika na kumi bila kufunika. Acha kitulie dakika kumi kabla ya kukata, la sivyo tabaka zitateleza.

Mliopo nyumbani msihangaike kutafuta tortila. Chapati nyembamba za jana zinafaa, na asiye na oveni aweke sufuria juu ya moto mdogo na makaa juu ya mfuniko, kama tunavyooka keki. Ila tortila za mahindi zina jambo ambalo sisi wala ugali tungejifunza. Mahindi yake huchemshwa na kulowekwa katika maji ya chokaa kabla ya kusagwa, na hiyo chokaa huifungua vitamini iitwayo niasini ili mwili uipate. Watu waliotegemea mahindi bila kufanya hivyo na bila vyakula vingine vya kutosha walipata pelagra, ugonjwa wa ngozi, kuhara na kuchanganyikiwa. Majimbo ya kusini mwa Marekani yaliteseka nao mwanzoni mwa karne ya 20.

Nikiwa na zamu, bakuli letu nalipanga mchana, naliweka kwenye friji, na mume wangu huliingiza motoni dakika arobaini na tano akirudi. Wanakula wawili mezani, mimi wananiwekea kipande. Binti yangu amebandika plasta chini ya bakuli hilo, ameandika “Kwetu.” Baba yake hula vizuri, halafu kesho yake anaomba ugali.