Barua kutoka Philadelphia: Kapu la Maembe



Jumapili nilibarizi kwa jirani yangu, bibi Mmarekani Mweusi aliyevuka miaka themanini. Huku Philadelphia Magharibi nyumba zimebanana na nyingi zina kibaraza mbele, kama kwetu, ila bao halichezwi. Alinyoosha mkongojo upande wa Mtaa wa Market. "Kinyozi alikuwa pale. Kanisa letu pale."

Siku hizi pale ni maabara na ofisi. Wenyewe walipaita Black Bottom. Miaka ya 1960 jiji, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Pennsylvania na taasisi jirani, lilibomoa mtaa na kuwahamisha maelfu ya watu, wengi wao weusi. Eneo lilibandikwa jina jipya: University City.

Chuo hicho hakilipi kodi ya majengo kwa sehemu kubwa ya mali yake, maana sheria inakihesabu kuwa hakitafuti faida. Na shule za serikali huku zinaitegemea sana kodi hiyo. Katika jiji hili zaidi ya nusu yake huenda shuleni. Baada ya kelele nyingi, za baadhi ya wahadhiri wake pia, mwaka 2020 chuo kiliahidi kuzipa shule za jiji dola milioni 100 kwa miaka 10, ziondolewe asibesto na rangi yenye madini ya risasi madarasani. Nilifurahi, kisha nikajikuna kichwa. Mtu anakudai, wewe unampelekea kapu la maembe, tena siku uipendayo: deni limekwisha?

Sisemi hakifanyi kitu. Binti wa bibi huyu anakula mshahara wa hospitali ya chuo. Na ile shule ya Penn Alexander, iliyofunguliwa 2001 kwa msaada wa chuo, ni nzuri mno. Kuna mwaka wazazi walianza kupanga foleni nje siku kadhaa kabla, baridi ya Januari, wawaandikishe watoto chekechea. Nyumba za jirani zikapanda bei, wapangaji wa kipato kidogo wakafungasha.

Bibi hakufungasha, nyumba ni yake. Alipoingia ndani kuniletea chai ya barafu, aliacha bahasha kitini. Ilikuwa wazi, nami nina macho: ankara ya kodi ya majengo, imepanda tena.