Metani ya Rubona

Sisi tuliokulia Gisenyi, Rwanda, miaka ya 1970 tuliizoea gesi kabla hatujafundishwa kemia. Kule Rubona kulikuwa na mtambo uliojengwa mwaka 1963. Bomba lake lilishuka mamia ya mita ndani ya Ziwa Kivu, na maji ya kilindini yakishaanza kupanda, mapovu yenyewe yaliyasukuma hadi juu. Gesi ilioshwa kwa maji ili kaboni dioksidi ipungue, kisha metani ikaenda kuwasha boila za kiwanda cha bia cha Bralirwa. Mjomba wangu alifanya kazi pale. Jioni alirudi nguo zikinuka mayai viza.

Miaka ya 1980, nikisoma fizikia Ulaya, nilizikuta gesi zetu mbili, metani na kaboni dioksidi, katika makala ya M. E. Rudd na wenzake ya mwaka 1985. Yalikuwa majedwali ya elektroni zinazong'olewa protoni inapogonga gesi. Nilifurahi kama aliyekutana na ndugu ugenini.

Swali lililotushughulisha lilikuwa hili: ukiijua atomi, umeijua molekuli? Kwa metani, kanuni rahisi ilisema jumlisha tu elektroni zinazong'olewa kwenye kila atomi, kaboni moja na haidrojeni nne. Protoni ikiwa na kasi kubwa sana, jibu hukaribia ukweli. Nishati ikishuka hadi makumi ya maelfu ya elektronivolti, jumla huzidi vipimo vya maabara.

Miaka ya 2010, Hans Jürgen Lüdde wa Frankfurt, Tom Kirchner wa Toronto na wenzao walikuja na njia iliyonigusa kwa uwazi wake. Kila atomi huchorwa kama duara lenye ukubwa unaolingana na uwezekano wa kupoteza elektroni. Molekuli hugeuzwa kila upande, na eneo linaloonekana kutoka protoni inakotokea huhesabiwa. Palipopandana maduara huhesabiwa mara moja tu. Haidrojeni iliyojificha nyuma ya kaboni haiongezi kitu.

Hesabu hizi zinawahusu wagonjwa pia, kwa kuwa miale ya protoni inayotibu saratani hung'oa elektroni za maji ya mwilini. Watoto wa Gisenyi wanaishi kando ya kilomita za ujazo zipatazo 60 za metani. Wanafundishwa kwamba ni umeme, na ni kweli. Nawaomba walimu wao wawafundishe pia kwamba molekuli hiyo ndogo bado inawafikirisha wanafizikia, na kwamba wao wana haki ya kuwa miongoni mwao.